Kombe Nililomnyima Absalom

Laini ya Chini, Ruiru,
Mwezi wa nane, 1957

Kwako Nafuna, Mama Absalom,

Pokea salamu zangu kwanza, matusi utanipa baadaye. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, lile goti limekuonea huruma, na mvua ya Kimilili haijaozesha wimbi lako shambani. Mzee anaendeleaje na kifua? Mwambie aache kiko. Najua hataacha, lakini mwambie tu. Sisi huku tu wazima kama mtu anavyoweza kuwa mzima siku hizi. Kahawa bado ni ya kijani mitini, na meno yangu yaliyobaki yote yamehamia upande mmoja, kama watu wanaokimbia jirani mbaya.

Anayeandika ni Magdalene, binti wa mwanangu Gichuru. Wewe unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nasema, naye anaandika, na nimemkataza kuyapamba maneno yangu. Barua haipiti posta. Anaileta Wilkister, binti wa dada yako anayefua nguo huko Thika, maana anapanda gari la moshi kwenda kumwona mama yake. Akusomee yeye mwenyewe, na Absalom awepo, hata kama itabidi umshike shati. Ikiisha kusomwa, itie jikoni chini ya sufuria.

Najua Absalom ameshafika huko na kisanduku chake. Najua na alichokuambia. Amekuambia kwamba Gathoni, yule mliyekaa naye ukuta mmoja hapa kwenye laini ya vibarua wa kahawa, aliyemkata kitovu yeye mwenyewe siku aliyozaliwa, alisimama mbele ya watu wa Thika na Ruiru akamnyima kombe. Ni kweli, Nafuna. Nilimnyima, tena nilimnyima kwa kelele. Vuta kigoda ukae, nikueleze.

Mwaka huu ofisa wa maendeleo alituletea mashindano ya michezo ya nyimbo. Si ngoma kama zile tulizozoea. Ni hadithi nzima inayochezwa jukwaani, watu wakisema kidogo na kuimba sana, na ni lazima iwe mpya, haijachezwa popote. Ofisa alisema utakaoshinda utapewa kombe la fedha na kupelekwa Nairobi, uchezwe kwenye holi kubwa mbele ya wakubwa, na maneno yake yote yaandikwe na kutafsiriwa ili Wazungu wafuate kila kinachoimbwa. Vijana wakapata wazimu. Hapa laini hatukuweza kulala kwa mazoezi, mpaka kuku wangu wakaacha kutaga.

Waamuzi tulikuwa watatu. Mmoja Mwalimu Gerishon, mwingine Erastus, karani wa holi ya Thika anayetembea kama amemeza fimbo, na mwingine mimi. Usicheke. Ofisa alitaka mwanamke kutoka chama cha akina mama, nao wakanisukuma mbele wakisema Gathoni haogopi mtu. Erastus akauliza mama asiyejua kuandika ataweka alama vipi. Nikamwambia nitaziweka mdomoni, na zikijaa nitazitema.

Basi Jumamosi mchana tukapewa pasi za ruhusa ya kwenda Thika, tukajaa holini. Michezo mingine ilikuwa ya kupoteza wakati, nisikuchoshe nayo. Iliyobaki kushindania kombe ilikuwa miwili. Wa Thika uliitwa Arusi ya Sabuni, ameutunga Odhiambo yule mpiga gitaa. Kuna bwana mmoja mchafu hata mbwa wake amemhama. Wasichana wanamkataa kwa nyimbo, mmoja baada ya mwingine, mpaka siku anaoga na kupata mke, na mke anakiimbia kila kiungo kilichoogeshwa. Nafuna, nilicheka mpaka leso ikanifunguka. Ulikuwa mchezo mzuri. Sitaki useme nilichagua takataka.

Wa Ruiru, wa mwanao, uliitwa Kisima cha Wageni. Vijana wamepelekwa nchi kavu kumchimbia maji tajiri wasiyemjua. Mmoja wao anashikwa na homa. Rafiki yake, ambaye ndiye Absalom, anamlaza na kumpepea kwa kofia. Mgonjwa anaimba kwamba anatamani gimbi, nduma ya kwao iliyoungua upande mmoja, maana mama yake hajawahi kupika nduma bila kwenda kupiga domo na jirani ikaungua. Watu wakacheka sana. Halafu anaimba kwamba binti yake asitolewe shule, hata kama ni mbuzi wa mwisho auzwe. Halafu anakufa. Absalom akavua kofia, na kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa. Akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akapiga magoti, akaimba bila gitaa wala ngoma. Alimwambia mama wa yule maiti asiulize njia, kisima kimefika kwenye maji, na aliyekichimba amelala kando yake, wamemfunika wenyewe kwa mikono, hakuachiwa fisi.

Holi ikabadilika. Walianza kulia akina mama wa kwenu, na mimi nikasema moyoni ni kawaida yao, hao hulia hata kuku akifa. Kisha nikasikia Waithira analia. Waithira, Nafuna! Yule ambaye nyumba yake ilichomwa asitoe sauti. Kisha wa kwetu wote, benchi kwa benchi. Nduku, yule Mkamba anayekata katani Juja, alienda mpaka jukwaani akamfunika na leso yake yule kijana aliyelala kama maiti, na kijana akabaki chini ya leso, hajui ainuke au afe kweli.

Ndipo aliposimama Gathogo, mtu wa chifu, na rungu lake. Aliupa mchezo kisogo akaanza kutazama nyuso za wanawake, mmoja mmoja. Akauliza kwa sauti, nyinyi Wakikuyu mnamlilia nani, na mchezo ni wa Mluhya?

Tukaingia chumba cha pembeni kuamua. Mlango ulikuwa wazi, Gathogo ameegemea hapo, na madirishani vichwa vimejaa kama maboga. Gerishon alianza. Alisema hana la kufikiri, kombe ni la Ruiru, maana Arusi ya Sabuni ni kichekesho utakachokisahau kabla hujafika stesheni, lakini ule wimbo wa mwisho ataenda nao kaburini. Erastus akamwambia kaburini ndiko mahali pake. Alisema kombe ni la mchezo, si la matanga. Thika wana magitaa, wana mavazi, waimbaji wanaingia kwa mstari na kutoka kwa mstari, na watu wanarudi nyumbani wakiimba. Ruiru wana nini? Kofia na kilio. Gerishon akamuuliza ni nani aliyemdanganya kwamba kuliza watu ni kazi rahisi, ajaribu yeye hapo alipo. Erastus akasema ofisa anataka kitu cha kuinua watu. Gerishon akasema kile kichwa kilichonyolewa peke yake kinatosha kupewa kombe, kwamba huo ndio ufundi, kijana kujitoa hivyo kwa ajili ya mchezo. Walibishana mpaka mate yakaruka mezani. Halafu wote wakanigeukia. Gerishon alikuwa anatabasamu. Mimi ni wa Ruiru, na kijana nimemlea, angeogopa nini?

Nikasema mchezo wa Ruiru ni mbaya.

Nikasema tumetoka kwetu na pasi mkononi tuje kufurahi, si kuzikwa. Nikasema wanawake wamelia kwa sababu holi ina moshi na hawajala tangu asubuhi. Nikasema ile nduma ni kuwadharau akina mama, na mtoto anayenyoa kichwa wazazi wake wakiwa hai ili apewe kombe hana adabu. Niliyasema kwa sauti, mlangoni wasikie na dirishani wasikie. Gerishon akaniambia cucu, bibi yangu, sema unachofikiri, usiseme unachoogopa. Nikamjibu akawafundishe watoto wake, mimi sijamlipa karo. Nikaongeza kwamba maneno ya mchezo ule hayafai hata kuandikwa. Erastus akafurahi, akayachukua makaratasi ya Ruiru akayatia kwenye moto wa chai pale pale. Gathogo alicheka akaniita mama mwenye akili. Hebu fikiria, Nafuna, kusifiwa na yule.

Kombe likaenda Thika. Mwanao alikuwa dirishani, alisikia yote. Nilipotoka alinijia mbele ya watu. Hakupiga kelele. Alisema alidhani ana mama wawili, mmoja Kimilili na mmoja Ruiru, na sasa anaona ana mmoja. Jumatatu hakwenda kwenye lori anakofanya kazi. Akafunga kisanduku akaja kwako, na hakupita kuniaga.

Sasa sikiliza. Na wewe Absalom, kama umekunja uso hapo mlangoni, kunjua usikilize.

Kijana wa kwenu hanyoi kichwa kwa mchezo. Hilo nililijua bila kuambiwa, kwa sababu nimekaa nanyi, na kwetu pia ni hivyo hivyo, wembe hupita kichwani baada ya kifo. Kofia ilipotoka nikajiuliza, amemnyolea nani? Nikaanza kuhesabu watu wake. Wewe Nafuna u hai. Mzee yu hai na kiko chake. Ndugu zake wote wako hai. Nikazunguka, nikazunguka, nikabaki na mmoja tu ambaye Absalom angeweza kumnyolea. Na ni nani mwingine duniani ana mama anayeunguza nduma upande mmoja kwa sababu ya kupiga domo nawe ukutani?

Gichuru alikamatwa kwenye ule msako mkubwa wa Nairobi, na lori la Absalom hupeleka posho kwenye kambi ya kizuizini alikofungwa. Watu wa malori wameonywa kwamba atakayetoa neno nje ataingia yeye ndani. Hata bila onyo angeniambiaje? Mtoto hamletei mama habari ya kifo. Hiyo ni kazi ya wazee. Na wazee wa hapa wako wapi? Walio kambini wako kambini, waliokufa wamekufa, na waliobaki wameshika rungu. Basi mwanao akatafuta njia. Alitunga nyimbo, akakusanya vijana, akaimba mbele ya holi nzima ili mtu mmoja asikie, na mtu huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwamuzi.

Ndivyo nilivyoambiwa kwamba mwanangu amekufa, Nafuna. Kwa wimbo, na Gathogo akipita anatazama nyuso. Alipofika kwangu nilitia ugoro puani, nikapiga chafya mpaka macho yakafurika, naye akapita.

Sasa waona kwa nini nilisema vile. Kama mchezo ungeshinda, maneno yangeandikwa, yangetafsiriwa, na Nairobi kuna mtu angeuliza huyu taniboi, utingo wa lori la posho, ametoa wapi habari za wachimbaji wanaokufa kwa homa. Nimekwisha kutoa mtoto mmoja. Sikuwa na wa pili wa kutoa. Afadhali unichukie, Absalom, ukiwa kwa mama yako unakula ugali.

Mwambie nilisikia. Kila neno. Mwambie ulikuwa mchezo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuona, na ule wimbo wa mwisho ninao, nauimba ndani bila kufungua mdomo. Asante kwa kumfunika. Mwambie hivyo, asante kwa kumfunika, maana ndicho kitu ambacho ningeogopa kuuliza.

Magdalene nilimwambia jana, kabla hajashika kalamu, sikutaka ayasikie haya huku akiyaandika. Ametulia mno, natamani angepiga kelele. Shule atarudi, mbuzi ameshauzwa.

Lakini kelele hazipigwi hapa. Hapa Gichuru yu hai bado, kwa sababu serikali haijasema amekufa. Nikinyoa kichwa wataniuliza nani ameniambia. Juzi, kama kila mwezi, nimempelekea sabuni na tumbaku. Nilizifunga vizuri, nikaandikisha jina lake, karani wa serikali akapokea, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Na mwezi ujao nitapeleka tena.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Huko kwenu mnaruhusiwa kulia. Toka nje uwanjani mchana, ulie kwa sauti, mtaje jina lake, Gichuru mwana wa Gathoni. Majirani wakikuuliza ni nani, sema ni mwanao, hutakuwa umedanganya, maana nilipolazwa na homa baada ya kumzaa ni wewe uliyemnyonyesha. Absalom akuimbie ule wimbo. Huko hakuna wa kuutafsiri.

Nisalimie mzee, nisalimie dada yako, na wajukuu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Waithira na Nduku wanakusalimu ingawa hawajui ninakuandikia. Mungu akulinde na hilo goti. Nawe Nafuna, ukimaliza zamu yako ya kulia, usiingie ndani kwanza. Lia na yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Gathoni
(hapa ameweka kidole gumba)