Nangoja Toleo Jipya la Laptop, Mke Wangu Anaajiri

Shikamoo Bi Badriya. Mie ni msomaji wako wa kila Jumamosi, naitwa Gaspar, naishi Kibamba na mke wangu Kokuberwa na watoto wetu wawili. Jina langu usihangaike kuliweka kapuni, huku mtaani habari zangu wanazo wote. Kabla ya yote nikuombe radhi, maana najua ukurasa wako ni wa mambo ya ndoa na ishu yangu mie ni ya laptop tu, ila nimekosa mtu wa kumuuliza, kwa sababu huku kwetu anayeulizwa mambo ya laptop ni mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za sherehe. Nina fremu ya biashara hapa barabarani, kadi za mchango, za mwaliko, za sendofu, za kipaimara, zote nafanya, na jina nilikuwa nalo, lakini laptop niliyokuwa natumia ikazeeka, kioo kimelegea mpaka uiegemeze ukutani, betri haishiki chaji kwa hiyo umeme ukikatika na kazi imekwenda, herufi nyingine hazibonyezeki mpaka uchomeke kibodi ya pembeni, na ukifungua picha kubwa ya maharusi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bwana harusi katokea mpaka kiunoni na bibi harusi bado kabisa. Kwa hiyo mwaka juzi nikaamua niiweke pembeni ninunue nyingine, na hela ikapatikana, na mpaka leo ipo, sijala hata senti, hilo nataka ulijue mapema usije ukanifikiria mtu wa pombe au wanawake.

Sasa wiki ile ile niliyotaka kununua nikaona kwenye simu kwamba kuna toleo jipya linakuja, na mie sio mjinga wa kununua kitu kinachokaribia kuitwa cha zamani, nikasubiri, likatoka, lakini wataalamu wa kwenye video wakasema linapata joto na toleo linalofuata litakuwa limerekebishwa, nikasubiri tena, na lilipotoka hilo binamu yangu Revelian ambaye huendaga Dubai kufuata mzigo akaniambia Gaspar usinunue hapa, nitakuletea mwenyewe kutoka kule, safari yake ikasogezwa, ikasogezwa tena, na alipokuwa sasa anaondoka kweli nikasikia kuna jingine linakuja mwisho wa mwaka, ikabidi nimpigie akiwa uwanja wa ndege nimwambie asinunue. Subira yavuta heri, Bi Badriya, nadhani hilo tunakubaliana.

Na usiseme sijaangalia njia nyingine. Kuna zile zilizotumika zinazoletwa Kariakoo kutoka Dubai, bei nzuri, lakini hujui aliyeitumia alikuwa nani na kwa nini aliitoa. Kuna mpya za madukani zenye waranti ya mwaka mmoja, sasa mwaka ukiisha? Kuna kompyuta ya mezani, ina nguvu na ni rahisi, lakini ukiitwa kwenye kikao cha harusi ukaonyeshe sampuli utaibeba kichwani? Na kuna kutengeneza hii ya zamani, fundi alisema nikibadilisha kioo na betri na kuongeza memori itafanya kazi miaka mingine, nikamwambia huko ni kumvalisha mgonjwa suti. Wengine nawashauri vizuri sana. Mwalimu Elibariki alikuja jioni moja hajui hata aanzie wapi, nikamchambulia, kesho yake akanunua, akasomea digrii yake kwa laptop hiyo, akamaliza, nikaalikwa kwenye mahafali, nikala pilau, na pale pale nikamtahadharisha kwamba ile laptop yake sasa imepitwa na wakati.

Wateja nao nilikuwa nawaambia ukweli. Mwenyekiti wa kamati moja ya harusi alikuja na wenzake wanataka kadi za mchango, nikamwambia mzee, kama mnaweza isogezeni hii harusi mpaka baada ya Kwaresima mtapata kadi za viwango. Akanitazama. Akasema, "Kwa hiyo nikamwambie bibi harusi asubiri laptop?" Nikamwambia sio laptop, viwango. Akaondoka na wenzake. Kokuberwa, ambaye siku hizo kazi yake ilikuwa kuingiza kadi kwenye bahasha na kufunga utepe, akatoka mbio akawarudisha, akaichomeka ile laptop mbovu na kuanza kuwatengenezea polepole akiniuliza hiki kinafanywaje na hiki kinafanywaje, na mie nikamwelekeza, nikajua ananishikia wateja mpaka mashine yangu ije.

Basi amewashika kweli. Sasa wanatoka Tegeta, wanatoka Kiwalani, wanamuulizia Mama Kadi. Alitaka printa, nikamwambia hela ya laptop haiguswi, akacheza mchezo wa kupeana hela na wanawake wenzie wa Jumuiya ya kanisani akainunua. Ila mwezi uliopita niliingia pale fremuni nikamkuta bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake, yule shangazi akamuuliza mke wangu, "Huyu ndio fundi wako?" Kokuberwa akacheka, akasema, "Hapana dada, huyu baba watoto wangu, anapitaga tu kutusalimia." Bi Badriya, iliniuma. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye kibanda cha chipsi wala sikuwa na njaa.

Na juzi wakati ananipakulia chakula akaniambia kazi imemzidi, kapata mtu mmoja anaitwa Isack, zamani alikuwa kiwanda cha uchapaji, na ataanza tarehe moja mwezi ujao. Nikamuuliza atakaa wapi. Akasema, "Pale pako." Nikamwambia pale nitakaa mie laptop yangu ikija. Akasema, "Ikija atakupisha," akaniongezea mboga.

Sasa naomba unisaidie, maana usingizi sipati. Nisubiri toleo la mwisho wa mwaka, au nikubali tu hizi zilizotumika za Dubai ili niwahi kukaa kwenye kile kiti kabla ya huyo Isack? Na kama ni za Dubai, memori kiasi gani inatosha? Nisaidie mama yangu, naona nyumbani kwangu mwenyewe naanza kuwa mgeni.

Gaspar, Kibamba.

*

Marahaba, Gaspar. Umeomba radhi kwamba hili si la ndoa. Radhi nimeipokea, ila kosa lenyewe sijaliona, maana sijapata barua ya ndoa kuliko hii tangu mwaka uanze.

Lakini nianze na laptop, kwani nisipokujibu hilo hutanisikiliza mengine. Nimempigia mpwa wangu Walid, anauza vitu hivyo, nikamsomea barua yako yote. Akaniuliza, "Shangazi, anataka kufanyia nini?" Nikamwambia kadi za harusi. Akasema, "Yoyote." Nikamwambia usinifanyie mzaha, huyu ni mtaalamu, nitajie moja. Akasema, "Shangazi, yoyote inayowaka." Basi, jibu la laptop ndilo hilo, nawe ulikuwa nalo tangu mwaka juzi, kwa sababu laptop inayowaka mlikuwa nayo na mkeo aliiwasha.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Temeke. Kila mwezi wa Ramadhani alikuwa akija bwana mmoja kuchagua kitambaa cha kanzu ya Idi. Atakishika hiki, atakivuta kile, atatoka nacho juani akitazame, na vitambaa alivijua kuliko hata baba. Wateja wengine walikuwa wanamuuliza yeye, wananunua, wanakwenda kwa fundi. Yeye akisema mzigo unaofuata utakuwa mzuri zaidi. Idi ilikuwa inamkuta na kanzu ile ile, imefifia kolani, lakini ukimuuliza habari za kitambaa atakueleza mpaka umtake radhi. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Siku hizi namwelewa zaidi. Pale dukani alikuwa mtu mkubwa. Angenunua, angekuwa mteja tu kama wengine.

Na wewe ndivyo ulivyo, mwanangu. Unapongoja, wewe ni mtaalamu, Kibamba nzima inakuja kwako, hukosei, huchelewi, hulaumiwi na kamati ya mtu. Ukinunua leo, kesho utaambiwa kadi za fulani ziko wapi. Ndiyo maana kila toleo lina kasoro na kila njia ina shimo. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, na wewe hata shamba ulitaka lisogezwe mpaka baada ya Kwaresima! Nilipofika hapo niliiweka barua mezani nikacheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu umesema iliuma, na naamini. Kuitwa mpita njia mbele ya watu, tena kwenye fremu uliyoianzisha kwa mkono wako, si jambo dogo. Na mkeo naye nitamgusa kidogo, asije akadhani kwa Bi Badriya wanawake hawakosei. Kokuberwa, kama unasoma, neno lile ungeweza kulisema faragha, na kwa ukali ukitaka. Kumcheka mumeo mbele ya wateja si adabu. Hata hivyo, Gaspar, ulitaka amjibu nini yule shangazi wa watu? Aseme ndiye fundi? Fundi wa nini?

Sasa tazama ulichokiita kushikiwa wateja. Mwanamke aliyekuwa anafunga utepe alikimbia barabarani kuwarudisha watu uliowafukuza wewe. Akajifunza kazi kwenye mashine iliyoegemezwa ukutani. Alipotaka printa ukamfungia hela, akaitafuta kwa wenzake, wala hakuja kukushtaki kwangu gazetini. Na mpaka leo hajakwambia uondoke. Amekwambia ikija, Isack atakupisha. Wewe umesikia tusi hapo. Mimi nimesikia mtu anayekutunzia nafasi huku keshachoka kukungoja. Subira yavuta heri, tunakubaliana, ila mwenye subira katika nyumba yenu si wewe.

Unaogopa Isack atakalia kiti chako. Gaspar, kiti hicho kina vumbi. Isack ametafutwa kwa sababu kazi imemzidi mtu mmoja ndani ya nyumba yenye watu wazima wawili. Hilo ndilo lingekuondoa usingizi, siyo memori. Mkeo alipojiuliza ni nani anaweza kumsaidia, alizunguka akamfikiria mtu wa kiwandani asiyemjua, na wewe uliyemfundisha ulikuwa mbele yake unangoja mboga, asikukumbuke. Akishaanza huyo tarehe moja, akazoeleka kwa wateja, utapitaga kusalimia mpaka uzeeni, na nakuahidi hakuna toleo litakalokurudisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie Revelian umwambie hutaki aulizie kitu tena Dubai. Hela yako itoe yote ilipo, umpe mkeo mkononi, umwambie ni ya mashine na achague mwenyewe. Atatoka asubuhi na kurudi nayo mchana, na wewe usimuulize ni toleo gani. Nakujua, utataka kuuliza. Nenda kakae nje. Ile ya zamani mpelekee yule fundi aliyekwambia inatengenezeka, akubadilishie kioo na betri, hiyo ndiyo utakayofanyia kazi wewe. Isack mwache aje, na umpokee kwa heshima kama mwenzako wa kazini, kwa sababu huyo mtu hakukukosea lolote.

Halafu usiende nyumbani kumwomba msamaha jikoni, msamaha wa jikoni ni rahisi mno na ameshausikia. Nenda fremuni asubuhi, umevaa vizuri, ukae kwenye benchi la wateja na usubiri zamu yako ifike, kusubiri si unakuweza? Ikifika, umwambie mbele ya hao wateja, "Mama Kadi, nimesikia unatafuta mtu. Naomba kazi." Atacheka, na wewe cheka. Huenda akalia kidogo, mwache alie. Na akikuuliza unaweza kuanza lini, nakuomba sana mwanangu, jibu hilo usilifanyie utafiti.