Chupa Niliyoiacha Juani

Jumamosi, jioni. Mvua ya alfajiri imepita Kibakwe, imeacha tope na ubaridi wa milimani. Nimejifunika blanketi.

Leo nimeona aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Shamba la Mama Sechelela lilivamiwa na viwavi mahindi yakiwa usawa wa magoti. Zamani angekwenda chama cha ushirika. Siku hizi chama kimekufa, dawa iko dukani na bei yake haishikiki. Ndipo nikaja mimi, Bibi Shamba kutoka ofisi ya kilimo Dodoma, na majaribio yetu ya ukungu unaoua viwavi. Nilimweleza vizuri tu: mbegu zake ni vumbi laini, zikimgusa kiwavi zinanata kwenye ngozi, zinaota, zinamtoboa na kumla kwa ndani. Baada ya siku chache anakauka juu ya jani, anafunikwa na unga mweupe, na unga huo unawaambukiza wenzake.

"Usinunue dawa ya dukani," nilimwambia. "Ngoja tu."

Akangoja.

Kwa jirani yake, Mzee Masima, niliyempelekea chupa ya ukungu huo safari ya kwanza, viwavi wamekauka shamba zima. Kwa Mama Sechelela waliendelea kutafuna mpaka upande mmoja ukabaki mabua matupu.

Sababu naijua. Siku ya kuleta chupa yake nilimwambia dereva asimame Chang'ombe ya Dodoma, nikaingia kwa rafiki yangu kujaribu gauni la sherehe. Chupa ikabaki ndani ya gari lililofungwa vioo, jua la mchana la Dodoma likiwaka. Ukungu ni kitu hai, joto lile huua mbegu zake. Niliporudi chupa ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Nikaizungushia kanga mbichi, nikajidanganya kwamba haijaharibika.

Juzi Mama Sechelela aliponiuliza kwa nini viwavi wa kwake wamegoma kufa, nilimjibu, "Labda ni maji uliyochanganyia, mama."

Ilinitoka kirahisi mno.

Leo nimemkuta uani akipepeta mtama. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Unisamehe kwa kukuharibia kazi yako."

Ananiomba radhi. Mimi!

Kisha, bila kunitazama, akanieleza kwamba mumewe amemgombeza mbele ya mashemeji. Msimu ujao shamba lile atapewa mdogo wa mumewe, kwa kuwa yeye ameshindwa hata kuchanganya dawa.

Nikamwambia, "Mama, maji yako hayakuwa na kosa. Chupa niliiunguza mimi juani."

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Ulilijua hilo siku nilipokuuliza?"

"Nililijua."

"Basi kamwambie Baba Sechelela. Mimi usinieleze tena."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Baba Sechelela alikuwa akichonga mpini wa jembe, mdogo wake amekaa kando. Nikaeleza yote, hata lile gauni. Mdogo mtu akacheka. Mzee hakucheka. Akamwita mkewe, naye alipofika akamwambia, "Bibi Shamba anasema si wewe."

"Nilikwambia si mimi," akajibu, akaondoka.

Mzee akarudi kwenye mpini wake. Kuhusu shamba hakutamka neno, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilimkuta Mama Sechelela amekwisha kubeba ndoo. Nikamfuata hadi kwa Mzee Masima, akaturuhusu kuokota viwavi weupe waliokauka. Tukawaponda majini, tukangoja jua lipoe, kisha tukanyunyizia mahindi yaliyobaki. Muda wote huo aliniambia neno moja tu: "Chujio." Nikampa chujio.

Pengine ukungu utawahi. Pengine tutakuwa tumechelewa, na yule mama avune mabua. Nyumba yake hula mahindi hayo hayo.

Nilipoaga aliitikia kwa kichwa. Sikustahili zaidi ya hapo.

Kuna jingine sijamwambia. Mkuu wangu Dodoma naye nilishamweleza kwamba mkulima wa Kibakwe alikosea kuchanganya, na pale ofisini wameshaanza kumfanyia mzaha mama huyo. Jumatatu nitagonga mlango wa mkuu. Huenda nikaondolewa kwenye kazi hii.

Sijui nitaanzaje. Nadhani nitaanza kwa kumtaja Mama Sechelela kwa jina.