Mtu Niliyemwona Kwenye Barafu ya Kioo

Gitega, Jumatano jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na vidole vyangu bado vina ganzi.

Leo nimeharibu kitu nisichoweza kukitengeneza.

Kazi yangu ni kubeba samaki katika ghala la baridi. Mlango una dirisha dogo, na barafu huota kwenye kioo chake kwa ndani. Kwa macho ni weupe tu. Lakini niling'oa kilenzi cha deki mbovu ya CD, nikakibandika kwa utepe kwenye kamera ya simu. Ukisogea karibu kabisa, ukashika pumzi, unakuta majani, mizizi, manyoya. Shamba zima.

Wiki iliyopita nilipiga picha, nikaona mtu. Amesimama kwenye majani kama ya migomba, ameinama kidogo, kama anayesubiri wengine watangulie.

Baba alisimama hivyo tulipokimbia vita kutoka Muyinga. Mama alitutanguliza kuelekea Tanzania, Baba akasema anakuja nyuma. Tumekulia kambini, amani imekuja, tumerudi. Yeye hajafika. Hata picha yake hatuna.

Nilimwonyesha Zabuloni, ninayebeba naye makreti.

"Mi naona barafu tu," akasema. "We Mtanzania, iko siku utaganda hapo, patron akuuze pamoja na samaki wake wa mukeke."

Nilicheka. Usiku huo sikulala.

Jumamosi nyumbani Muyinga ni kuganduka, siku ya kumaliza kilio cha Baba. Mimi ni mtoto wa kwanza. Mimi ndiye wa kutamka mbele ya watu kwamba kilio kimekwisha. Kila Mama akiuliza, nasema kazi imebana. Kusema kweli, naona nikitamka nitakuwa nimemzika mtu ambaye huenda bado yuko njiani.

Asubuhi hii yule mtu wa barafu alikuwa bado pale kwenye kioo. Nilitaka uso. Nikasogea, nikasogea tena, nikasahau kushika pumzi. Ikanitoka. Majani yakalegea, mtu akawa maji, maji yakaganda upya, meupe, hayana kitu.

Nilibaki nimeshika simu hadi Zabuloni aliponivuta nje.

Mchana Mama akapiga. Nikamweleza yote, hata barafu. Akanijibu:

"Mwanangu, tangu kambini namwachia baba yako chakula kwenye sufuria. Nimechoka. Mimi ni mke wake, na mimi nasema amekufa. Wewe unamsubiri kwa niaba ya nani?"

Nikaenda kwa patron, mwenye ghala, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Sauti ya Baba siikumbuki, lakini jina lake ninalo. Nitasimama nilitaje, niseme kilio kimekwisha, nikae nile na wengine.

Maneno siyaogopi tena. Ninachoogopa ni baadaye, watu wakishaondoka, kumwona Mama akiosha ile sufuria ya Baba.