Baba, Saini Ile ni Yangu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, kisha nikajikuta nasubiri marahaba. Nisamehe kwa ukimya huu wote tangu tulipokuzika kule Suji milimani. Si kwamba sikuwa na la kukuambia. Ninalo, na ndilo linalonifanya nishindwe hata kupanda kuja kufyeka majani kaburini kwako.

Nyumba inavunjwa Jumatatu.

Ile ile ya mawe, kwenye safu ya stesheni, uliyouziwa ulipostaafu kazi ya reli. Nikueleze taratibu, maana hukupenda habari ya kurukiarukia.

Mji wetu wa Same umepanuka, Baba. Watu wanajenga mpaka kwenye makorongo, na mvua ikinyesha milimani maji yanashuka hadi vitandani mwao. Ndiyo maana ofisini kwetu, idara ya mipango miji, tukaandaa mpango: watu wajenge kwenda juu, karibu na stendi na stesheni, ghorofa nne, mtu ashuke kwenye basi atembee hadi kwake, na mashamba yabaki mashamba. Mpango huo tumeuchora mimi na wenzangu wawili. Bado naamini ni mzuri. Ingekuwa rahisi kwangu kama ungekuwa mpango wa kijinga.

Kuhusu zile nyumba sita za mawe za safu yetu, tulikubaliana kwenye kamati kwamba zilizobaki na sura yake ya zamani zihifadhiwe, ziwe urithi wa mji, na nyingine zipishe maghorofa. Kazi ya kuzikagua ikaangukia kwangu. Fomu ilikuwa na swali moja zito kuliko yote: kuta za nje zimebaki katika hali ya asili? Ndiyo au hapana.

Unakumbuka wageni wa posa yangu walipokuwa wanakuja kutoka Ugweno? Nilikuwa nimetoka chuo, najiona msomi. Nikakuambia, "Baba, hii nyumba inafanana na ghala." Ulimaliza chai yako ukatoka. Wiki iliyofuata nikakuta fundi ameshapandisha ngazi ukutani, anayadonoa mawe kwa tindo ili plasta ishike, na wewe unamsogezea ndoo za maji, na suruali yako ya kazi imejaa saruji. Mkapaka na rangi ya bluu. Wageni walipofika ukawatania kwamba Kigweno chao huelewi hata salamu, labda ukuta ndio uongee nao. Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa na furaha, na sikukushukuru vizuri.

Sasa huo ukuta ndio niliotumwa kuukagua. Mama alikuwa sokoni. Nikaenda na fundi nyuma ya jikoni, tukabandua kipande kidogo. Plasta ilitoka na uso wa jiwe, ndani kumebaki mashimo ya tindo. Nikamwambia ajaribu pale chini ya dirisha la chumbani kwenu. Ikawa vilevile. Fundi akaniangalia akasema, "Hapa mlishaharibu zamani, dada."

Mwenzangu ofisini aliniambia, "Hiyo fomu niachie mimi, ni kwenu." Nikakataa. Niliogopa watu waseme nimependelea nyumba ya baba yangu. Nilitaka nionekane mtu wa haki, mtu aliyenyooka. Yalikuwa majivuno, Baba, hakuna jina jingine. Labda naye angeandika hapana. Labda angetafuta maneno ya kuiokoa. Sikumpa nafasi ya kutafuta. Niliandika hapana, nikatia saini, nikaenda kula.

Nyumba ya Mama Namsifu, jirani yetu, imepona. Unajua yeye hakuwahi kupata hela ya saruji, na mimi nilikuwa nawaringia wanawe kwa ajili ya bluu yetu. Juzi wamekuja vijana wenye kamera wakaipiga picha kila upande, na yeye amesimama mlangoni haelewi amefanya nini cha kusifiwa. Aliponiona alishusha macho, kana kwamba ndiye aliyetukosea.

Mama amepewa nafasi kwenye ghorofa litakalojengwa. Vyumba viwili, bomba ndani. Nilimwonyesha mchoro, nikamweleza kila kitu kama ninavyoeleza mkutanoni. Akauliza, "Maharage nitaanika wapi?" Nikaukunja mchoro. Kurudi Suji hawezi, magoti yake yamechoka, na hospitali iko huku chini. Barua ya kumtaka ahame imetaja tu cheo cha mkaguzi aliyesaini, haina jina lake. Ameshaikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita. Mama aliniita, akanipa kalamu na daftari. "Wewe ndiye uliyesoma. Mwandikie huyo mtu, na uandike kwa ukali." Akaanza kunitajia. Niandike kwamba aliyesaini hajawahi kulala ndani ya nyumba ile. Kwamba angekuwa amekunywa hata kikombe kimoja cha chai pale, mkono wake ungekataa. Kwamba mume wake alibeba maji kwa mikono yake kuipendezesha nyumba hiyo kwa ajili ya mtoto wake, na leo wanasema ameiharibu. Nikaandika neno kwa neno. Kuna mahali niliacha kuandika, akafikiri nimechoka, akaniletea maji. Alipomaliza akaniuliza kama nimeandika yote. Nikasema ndiyo. Akatia saini yake polepole, akanishukuru. Alinishukuru, Baba.

Barua ilipigwa muhuri mapokezi ya ofisi yetu na jana imefika mezani kwangu, na juu yake mkuu wangu ameandika: jibu.

Najua ningeweza kuandika jibu la ofisi, mistari mitatu, rejea barua yako. Ninayajua maneno hayo kwa moyo. Sitaandika. Jumapili akitoka kanisani, nitakaa chini mbele yake nimwambie ni mimi. Sitataja kamati, sitataja fomu. Akitaka kunifukuza nitatoka, na Jumatatu alfajiri nitarudi kubeba vyombo vyake hata kama hatanisemesha.

Nakuahidi hilo, na ndilo pekee ninaloweza kukuahidi. Nyumba siwezi tena.

Pumzika, Baba. Siku Mama atakapokuja kulala kando yako huko Suji, atakusimulia habari zangu. Maisha yako yote ulikuwa unanitetea kwake. Safari hii usinitetee.

Binti yako.