Ingokho Imelala

Jumatano, Kakamega. Mvua yetu huja alasiri, kila mtu anajua, lakini leo imeanza asubuhi na imekataa kwenda. Naandika nikiwa jikoni kwa sababu sebule imejaa watu wanaonionea huruma, na huruma yao inanichosha kuliko mvua.

Mume wangu bado hajapatikana.

Nimeandika sentensi hiyo ili niizoee. Sijaizoea.

Wasomaji wa blogu hii mnamjua Baba Imali kwa vituko vyake. Ndiye yule aliyefanya kazi kiwanda cha sukari ujana wake wote, akapewa kiinua mgongo, na badala ya kununua ng'ombe au kujenga vyumba vya kupangisha kama watu wenye akili zao, akanunua boti kuukuu ya injini. Boti! Sisi tunaokaa huku juu, ambako maji mengi tunayoyaona ni ya mto Isiukhu ukifurika. Akaipaka rangi nyeupe na kuiita Ingokho, yaani kuku. Alisema kuku na maji hawapatani, Mluhya na maji vilevile, basi wacha wazoeane. Nilicheka mpaka nikamsamehe.

Kumbe hakuwa mwendawazimu peke yake. Kuna kundi zima la watu kama yeye: daktari wa meno wa hapa mjini, mwalimu mstaafu wa Lumakanda, mama mwenye duka la hadwea, la misumari na mabati, na wengine wa upande wa Kisumu. Mwisho wa wiki wanavuta boti zao kwa trela hadi Ziwa Victoria. Hawaendi kuvua wala kubeba abiria, wanaenda kutembea tu. Wanazunguka visiwa, wanachoma samaki, wanapiga picha viboko kwa mbali. Wavuvi huwauliza wamepoteza nini majini. Mimi, nisiyeweza kuogelea hata kwenye beseni, ndiye mtangazaji wa kundi kwenye WhatsApp. Naandika upepo umesukuma magugu maji upande gani, nani anauza injini, nani amepata mjukuu, nani alikwama na mafuta yakamwishia akavutwa na mtumbwi wa wavuvi wa omena kama mbuzi.

Kundi lina neno lake. Ukitia nanga mahali ili ukae hadi asubuhi, huandiki hadithi ndefu. Unaandika "nimelala" na jina la kisiwa, basi. Tukisikia boti fulani imelala, tunapumua. Asiyeandika kabla ya giza anatafutwa kwa simu hadi apatikane. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe, na niliringa nayo.

Jumamosi Baba Imali aliondoka peke yake. Wenzake waliuogopa upepo. Yeye alisema upepo ni kelele tu, akaniachia chai yake nusu kikombe.

Jioni, nikiwa nasonga ugali, ujumbe ukaingia kwenye kundi. Ulitoka kwa mzee Omondi, anayetuchungia magari na trela kule ufuoni. Hana boti, tulimwingiza kwenye kundi juzi juzi tu ili aone nani anakuja lini. Aliandika maneno mawili: "Ingokho imelala."

Nikamjibu. Jibu langu bado liko kwenye simu na mkono unakataa kulifuta: "Asante sana mzee. Usiku mwema."

Wengine wakaweka vidole gumba. Tulikula. Nililala usingizi mzito, na hilo ndilo linalonitafuna zaidi ya yote.

Jumapili nikijiandaa kwenda kanisani, mzee Omondi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika lakini anajizuia.

"Madam, mbona hakuna mtu amekuja? Si nilisema jana boti imelala?"

Nikamwambia tuliona, na tulimshukuru.

"Imelala na upande, madam. Wavuvi waliipata kwa magugu. Mwenyewe hakuwa ndani. Walitafuta mpaka giza. Mimi nilijua mko njiani."

Huku kwetu kwenye miwa, trela ikipinduka barabarani tunasemaje? Trela imelala. Kaka yangu ni dereva wa trekta ya miwa, na neno hilo nimelisikia tangu sijaota meno. Mtu akiniambia trela imelala njia ya Malava, siulizi kama imeota ndoto nzuri. Lakini ndani ya kundi lile tulikuwa tumelichukua neno la watu tukalifanya letu, la starehe zetu, tukasahau kwamba mzee Omondi anaongea Kiswahili cha watu wote. Alitoa habari mbaya kwa neno sahihi kabisa. Sisi sote, na daktari wetu na mwalimu wetu, tukaitikia kwa vidole gumba.

Tungemwelewa, boti zote za kundi zingetoka jioni ileile. Taa zao ni kali, zinafika mbali.

Nilimwambia usiku mwema.

Sasa nieleze kamba ninayoshikilia, maana wageni wangu wanaifanyia mzaha wa kimya. Jaketi lake la kuelea halikuwa ndani ya boti. Boti ilipopatikana, kila kitu kilikuwa kimenaswa kwenye magugu: ndoo, kofia, hata chupa ya chai. Jaketi halikuwepo. Basi amelivaa. Mtu aliyelivaa haendi chini. Anaweza kusukumwa na upepo hadi kisiwa kisicho na mtandao, anaweza kuwa amelazwa kwenye nyumba ya mvuvi akiwa na homa, hajui hata jina lake. Mambo hayo hutokea. Nimeyaandika mimi mwenyewe kwenye habari za kundi.

Kundi, Mungu awabariki, wote wamehamia ziwani. Daktari amefunga kliniki. Mwalimu, mtu wa umri ule, anasimama mbele ya boti akikata magugu kwa panga ili injini zisikwame. Jioni wananiandikia walikopita. Hakuna anayeandika "nimelala" tena, wanaandika "tumeegesha". Sikuwaomba. Nililiona tu, nikalia hapo hapo mbele ya sufuria.

Mimi nilifika ziwani Jumapili na nikarudishwa siku hiyo hiyo. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Imali, alisema nyumba haiwezi kukaa bila mtu wa kupokea wageni. Wageni gani? Jana nikawaona, wameleta na viti vya kanisa. Nikauliza viti ni vya nini. Wakaniambia ni vya kukalia. Nikavirudisha vyote. Leo vimerudi, na hema juu yake. Nasikia wananong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wa ziwa ni nani, naomba nielezwe.

Leo asubuhi shemeji alirudi kutoka ziwani na wazee wawili wa ukoo. Alianza mbali. Akataja heshima, akataja watoto, akataja kazi ambazo watu wameziacha. Kisha akafika alikokuwa akienda. Kwetu, maji yakikataa kumrudisha mtu, hukatwa shina la mgomba, likazikwa mahali pake kwa maombi, ili familia ipumzike. Si leo, akasema, lakini mwisho wa wiki si mbaya. Akaniomba nitafute shati la kaka yake la kulivisha shina.

Nilimwangalia mdomo ukisema maneno hayo. Ana mdomo wa Baba Imali, ndiyo maana sikumpiga.

Mama mkwe wangu alikuwa pale pale. Tangu atoke kwake Malinya hajasema neno wala kugusa chakula. Akainuka, akanifuata jikoni polepole, akanyoosha mkono.

"Reta panga."

Nilifikiri amekubali. Nilifikiri anataka kumkatia mwanawe shina kwa mkono wake mwenyewe, kama mama. Nikampa panga huku nikimchukia. Naandika ukweli, nilimchukia.

Akatoka kwenye mvua hadi migomba iliyo nyuma ya jikoni. Akakata shina la kwanza, likaanguka na mkungu wake mbichi. Nikangoja alibebe. Hakulitazama. Akakata la pili, akalipasua katikati kwa urefu. Akaenda la tatu. Akakata hata vichipukizi, akiinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Hii watu wanapendanga kuzika," alisema, akihema. "Nani ariona mtoto wangu amekufa? Nani? Wacha niangarie watazika nini."

Nikachukua panga la kukatia nyasi nikamfuata. Tulikata pamoja, utomvu ukituchafua mikono na nguo, matope hadi magotini. Wageni walisimama chini ya hema wakitutazama, na hakuna aliyethubutu kutuzuia. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilijisikia kama tunamvuta kutoka majini kwa nguvu zetu.

Tulipomaliza, hakuna hata mmoja uliosimama. Mama mkwe akaketi juu ya majani, mvua ikimpiga, akatazama mbele. Nikafuata macho yake. Ng'ambo ya ua, kwa jirani, migomba imejaa. Kwa jirani wa jirani vilevile. Kakamega nzima ni migomba.

"Na hizo?" akaniuliza.

Kesho alfajiri naenda ziwani, na yeye anakuja nami. Lazima tumpate kabla shemeji hajavuka ua.