Mkasi Uliokubali Mkono wa Kalista

Matiri, 9 Julai 1995

Mdogo wangu Izidori,

Salamu kutoka Matiri. Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu inatufanya tule tumekumbatia jiko. Wewe hujambo? Na koo lako, limepumzika, au bado unabishana na kila mtu huko Ngumbo?

Nina jambo. Jumapili baada ya misa shemeji Leopold alikuja. Alisimama kwenye mikahawa, miti ya kahawa ya marehemu mume wangu Xaveri, akavunja tawi kavu, akasema: “Shemeji, wewe ni mtu wa mahindi na ngolo, mashimo ya kulimia mlimani. Mkahawa hupogolewa na mwanaume. Oktoba, siku ya misa ya mwaka ya Xaveri, ukoo utakaa. Tukikuta msitu kama huu, miti nitaiangalia mimi.”

Kuiangalia, unajua maana yake. Ataiangalia mpaka afe.

Nikamwambia nitapogoa mwenyewe, miti yote mia tatu. Alicheka hadi akakohoa. Tatizo ni kwamba mkasi wa Xaveri springi imekatika na makali yameliwa na kutu. Ghala la chama cha ushirika, tulikozoea kupewa mikasi, lina kufuli tangu mwaka jana. Mbinga mjini maduka mapya yamejaa redio. Kwenu ziwani vitu vya kila namna vinashuka Mbamba Bay. Nitafutie mkasi wa kupogolea, unaokata.

Dada yako,
Kalista

Ngumbo, 30 Julai 1995

Shikamoo dada,

Barua yako imenikuta mzima wa mwili na mgonjwa wa hasira. Nyumbani usipa, dagaa wa ziwani, ni mwingi, tunakula asubuhi na jioni, kwa hiyo nguvu za kugombana zipo.

Mwulize Leopold kwa niaba yangu: huo mkahawa umefika Umatengo lini? Babu yetu alizaliwa mlima huo hauna mti hata mmoja wa kahawa. Mmea umekuja juzi na wageni, sasa hiyo mila kwamba hukatwa na mwanaume imetoka kwa mizimu gani? Mtu akitaka kuchukua mali ya mjane huita tamaa yake mila, akaivisha kanzu, akaipeleka kikaoni. Ningekuwepo ningemwambia mbele ya padre.

Na hili soko huria! Wametuambia kila mtu yuko huru kununua na kuuza. Mwaka mzima sijaona mtu akileta jembe. Wanaleta redio, ili tusikie jinsi tulivyo huru.

Lakini usihofu, mkasi nimepata. Ni mkubwa, mpini mwekundu, chuma kinang'aa kama kikombe cha altareni. Nimeujaribu kwa gazeti: umeukata ukurasa wa mhariri vipande vinne, na mhariri yule alistahili. Naukabidhi kwa Cuthbert, dereva wa lori la samaki.

Mdogo wako,
Izidori

Matiri, 21 Agosti 1995

Mdogo wangu,

Salamu, na pole kwa hasira. Hapa tu wazima, ila kiganja changu kimevimba. Sababu ni mkasi wako.

Mimi sikati magazeti. Ukifunguka, vidole vyangu haviufikii mpini wa chini. Nalazimika kutumia mikono miwili. Sasa tawi alishike nani? Tena haukati. Una ubapa mmoja unaogonga juu ya kipande cha chuma, kama jino linavyogonga ufizi. Unaponda. Gome linabaki limetafunwa kama na mbuzi, na kidonda cha namna hiyo huoza mvua zikianza. Siku mbili, miti sita.

Jana Leopold alipita njiani akaita kwa sauti: “Shemeji! Unaupogoa mkahawa au unaunyonga?” Alichosema ni kweli, ndiyo maana kimeniuma.

Geuza karatasi hii. Nimechora mkono wangu kwa mkaa. Nenda nao sokoni. Mkasi ukiwa wazi kabisa, mpini wa chini ufike kwenye kiungo cha pili cha vidole. Makali yawe mawili, yapishane kama ya mkasi wa fundi nguo. Kisha kata tawi bichi, nene kama kidole gumba. Mahali ulipokata pakiwa laini kama sabuni iliyokatwa kwa uzi, chukua. Pakiwa na nyuzinyuzi, rudisha, hata kama mpini ni wa dhahabu.

Na uharakishe. Oktoba haisubiri hotuba.

Dada yako,
Kalista

Ngumbo, 10 Septemba 1995

Shikamoo dada,

Natumaini kiganja kimenywea. Mimi sijambo, ila nimenyamazishwa mara mbili wiki hii.

Mara ya kwanza ilikuwa nilipogeuza karatasi. Kidole chako cha mwisho kimepinda. Nilikuwa nimesahau kwamba kilipinda mwaka ule ulipolima ngolo zako na zangu, ili mimi nikae darasani. Na mimi nikakununulia mkasi kwa kipimo cha mkono ulioshika chaki.

Mara ya pili ilikuwa sokoni. Nilizunguka na mkono wako wa karatasi, nikiubandika kwenye kila mkasi. Watu wakafikiri nimeanza uganga. Mama Ottilia, anayeuza vitu kutoka ng'ambo ya ziwa, akauchukua, akautazama. “Huu mkono wa mtu wa kazi,” akasema. Akatoa chini ya magunia mkasi mdogo, wa zamani, wenye mipini ya mbao. Kasema ng'ambo, kwenye mashamba ya chai, wanawake hukatia huo.

Nikasema, “Mama, huu si wa kukatia kucha?”

“Mwalimu, umekuja na mkono wa dada yako, lakini unatafuta mkasi wa kutosha mdomo wako.”

Soko zima likacheka. Nilikata tawi bichi la mpera wa shule. Sabuni, dada. Sabuni kabisa. Nimewahi kusimama mkutanoni nikalaani kila kitu kinachovuka ziwa hili. Leo nimekifunga kwa kitambaa changu, pamoja na jiwe la kunolea. Cuthbert anapanda huko kwenu kesho.

Mdogo wako,
Izidori

Ngumbo, 5 Oktoba 1995

Shikamoo dada,

Hujambo? Umeupata? Cuthbert anaapa alikukabidhi mkononi. Zimebaki siku tisa. Andika hata mstari mmoja.

Izidori

Matiri, 22 Oktoba 1995

Mdogo wangu Izidori,

Salamu nyingi. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa mwaka mzima. Unisamehe kimya. Kalamu na mkasi vilikuwa vinagombea mkono mmoja.

Nilimaliza Alhamisi, mti wa mia tatu. Jumamosi tukasali, tukala, kisha mzee Raimundi, mkubwa wa ukoo, akaingia shambani na fimbo yake. Alipita mstari kwa mstari, akigusa kila nilipokata.

“Nani kakata hapa?”

“Hiyo kazi ya kibarua,” Leopold akadakia.

“Nimekata mimi, baba,” nikasema, nikakata tawi mbele yao.

Leopold akaunyakua mkasi. “Lete, hata mtoto anaweza.” Unajua kiganja chake, kama ungo. Mpini ukambana nyama ya kidole gumba. “Yalaa!” Mkasi ukaanguka. Hata padre alicheka, ingawa aligeuka kwanza.

Mzee akauokota, akaufuta, akanirudishia mimi. “Mkasi umekataa,” akasema. “Mikahawa ibaki kwa anayeipogoa.” Kikao kikaisha kabla pombe haijaisha.

Jumatatu Benadetha, mke wa Leopold, alikuja mwenyewe. Anataka nimfundishe, mikahawa yao imekuwa pori, mume hana muda. Nyuma ya karatasi kuna mkono wake. Mpelekee Mama Ottilia.

Ule mkubwa mwekundu nimeupaka mafuta, nimeutundika. Likizo ya Desemba uje. Machipukizi yatakuwa mengi, na hayaondoki kwa kubishana nayo. Nichoree mkono wako, nione kama mkasi ule ulikuwa wako tangu mwanzo.

Dada yako,
Kalista

Ngumbo, 12 Novemba 1995

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Mkasi wa Benadetha anao Cuthbert.

Geuza karatasi.

Mdogo wako,
Izidori

(Upande wa pili hakuna neno. Kuna mkono wa mwanaume uliochorwa kwa chaki, vidole wazi, na doa la wino kwenye kidole cha kati.)