Neno Jekundu Juu ya Kioo

Chumbageni, Tanga
20 Muharram

Kwa dada yangu mpenzi Tausi,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa wake, na namuomba Mola barua hii ikukute umekaa, maana sitaki uisome umesimama. Miguu inaendeleaje? Uvimbe wa kile kifundo umepungua, au bado unauficha na kusema hujambo? Na shemeji, kikohozi chake? Mwambie nimemwombea. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Mjomba Shekhe naye yupo, juzi alipita dukani akalalamika kuwa meno mapya aliyowekewa yanamfanya aongee kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Nilimwambia avumilie, akaniambia nivumilie mimi ninayemsikiliza.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Dada, kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema moja umeshasema nne, na hili langu halitaki kukatwa katikati. Nimempa Sele wa basi barua hii avuke nayo mpaka wa Horohoro akufikishie mkononi huko Mombasa, kabla hujafunga begi kuja kwenye kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo. Ijumaa hiyo ndiyo eda ya wifi yetu Fakhria inakwisha, na ndiyo siku mliyoipanga wewe na mjomba kumwambia arudi kwao, na mtoto wake Rahaf abaki mikononi mwako. Nakuomba kwa haki ya ziwa tulilonyonya, soma mpaka mwisho ndipo uamue.

Nianzie dukani. Ile kompyuta ya marehemu mdogo wetu Badru unaikumbuka. Uliiona wakati wa matanga ukauliza mbona haina mausi. Badru aliiacha mausi tangu sukari ilipomharibu vidole, mkono ukawa unatetemeka na kishale kinarukaruka kama panzi. Akatoa mtambo wa programu wa zamani akaweka mwingine, wa bure, unaokwenda kwa vitufe vitupu. Humo madirisha hayapandani. Ukifungua la kwanza linakaa kioo kizima. Ukifungua la pili, la kwanza linajisogeza, yanagawana nusu kwa nusu. Likija la tatu linakatiwa sehemu kwenye nusu ya kulia. Aliniambia niwafikirie wanawake kwenye mkeka wa maulidi, kwamba anayechelewa hakalii mapaja ya mtu, wenzake wanajikunyata naye anapata pake. Akasema kompyuta hii ina adabu kuliko ukoo wetu, ambamo kila mmoja anataka kukaa juu ya mwenzake. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa ushungi.

Alipanga hivi: kushoto, dirisha kubwa la kazi za kuchapa, kulia juu, la barua za wateja, kulia chini, Kurani ikisomwa kwa sauti ndogo. Na juu kabisa ya kioo, mstari mwembamba kama pindo la kanga. Kwenye mstari ule kulikuwa na saa, na sala inayofuata na muda uliobaki kuifikia, na chaji. Pembeni mkono wa kulia kulikuwa na neno moja tu: KULA. Siku zote lilikuwa dogo, la kijani. Ikifika saa nne asubuhi, na saa saba, na saa kumi, linakuwa jekundu na kuanza kupepesa, na haliachi mpaka Badru abonyeze vitufe vyake kuiambia mashine kwamba amekula.

Sababu yake ni hii. Zamani sukari ikimshuka tulijua. Alitoka jasho, alitetemeka, akawa mkali hata kwa mteja. Miaka ile ya mwisho dalili zilikufa. Daktari alimwambia mwili wake umeacha kupiga kelele, kwamba anaweza kudondoka huku anajiona mzima, kwa hiyo akishachoma sindano ya asubuhi ale kwa saa, asingojee njaa. Na wewe unamjua Badru akishika kazi: ungeweza kubomoa nyumba nyuma yake. Basi akauweka ule mstari uwe ndio mwili wake. Saa ya ukutani alikuwa haitazami kabisa.

Mimi na darasa langu la saba alinifunza yote, dada, na hapo ndipo ninapojilaumu kwanza, maana nilivimba kichwa. Mambo yote ya mstari na madirisha yameandikwa kwenye faili moja, na Badru aliweka maelezo ya Kiswahili humo ili niyafuate. Alinionyesha kuwa ukitia alama ya reli, ile ya vijistari vinne vilivyokatizana, mwanzo wa mstari wowote, mashine inaupita kama haupo. Maneno yenye reli yanabaki kwa ajili ya binadamu kusoma. Kisha unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na kioo kinajipanga upya. Mwezi wa Shaabani nilihamisha wakati wa sala kwa mkono wangu mwenyewe, nikauweka mbele ya saa, maana niliona haifai saa ya dunia itangulie sala. Akanisifu mbele ya watu, akaniita fundi. Nikatembea na neno hilo wiki nzima.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Badru hafungi, kwa amri ya daktari, na Fakhria kila asubuhi anampa hotipoti ya chakula yenye kifuniko cha bluu aje nayo, naye anakula nyuma ya pazia. Hakuna aliyekuwa na neno. Lakini kioo kinaelekea kaunta ili wateja wasome karatasi zao kabla hazijachapwa. Siku ya Jumatano, mwezi kumi na nane, Mama Mwatumu jirani yetu amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, na saa nne ikagonga. Akalisoma lile neno kwa sauti. Akasema loo, makubwa, duka la Waislamu mwezi mtukufu kompyuta inaamrisha watu wale! Akaniuliza na daku letu tunalila saa ngapi, adhuhuri? Watu wanne watano kwenye foleni wakaangua kicheko. Badru naye akacheka, akamjibu kuwa mgonjwa Mungu amemsamehe ila hajui kama Mama Mwatumu atamsamehe. Akaingia nyuma ya pazia na kijiko chake.

Mimi sikucheka. Niliona uso wangu umewaka. Mimi ndiye ninayesomesha watoto juzuu barazani, mimi ndiye ninayewaambia wanawake wenzangu waheshimu hurma ya mwezi. Watu walipopungua nikamwomba Badru alibadilishe lile neno, aandike hata nukta tu. Akasema macho yake yameshalizoea, tutalibadilisha baada ya Idi, na kwamba nimwache Mama Mwatumu na ulimi wake, ndio mtaji wake.

Alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, nikakaa kwenye kiti chake.

Dada, nilifungua faili. Nikashuka mpaka pale pa neno KULA. Juu yake Badru alikuwa ameandika maelezo, na mbele yake ile alama ya reli. Yalisema hivi: hapa pasiguswe, mwili hausemi tena, mashine iseme. Nimekwambia maneno yenye reli mashine haiyasomi, yanaandikwa kwa ajili ya binadamu. Mimi ndiye binadamu. Niliyasoma. Kisha nikatia reli moja mbele ya mstari wa chini yake, nikabonyeza vitufe vitatu. Kioo kikapepesa mara moja, neno likaondoka. Nilijiambia ni mpaka Idi tu, na kwamba kwani mtu mzima anasahau kula? Na kwa kuwa nimeapa kukuandikia kweli, nakuandikia na lile la ndani kabisa: nilikuwa na tamaa kwamba labda akipitiwa, atafunga walau siku moja, aipate na yeye. Nilidhani namtafutia thawabu.

Badru aliporudi ilikuwa kazi juu ya kazi. Jioni ile hakugundua kuwa neno halipo. Saa kumi Fakhria alimpigia simu kuuliza nyanya za futari, akakumbuka kula kwa sababu hiyo. Mimi nikaona basi, mambo yanakwenda.

Alhamisi, mwezi kumi na tisa, alipata faili kubwa la kesi ya shamba, kurasa sabini na kitu, mwenyewe anazitaka kabla ya alasiri. Mimi nikaondoka saa tatu kwenda darsani. Nilipoondoka aliniambia bila kunitazama nikamwombee dua vidole vyake. Nikamwambia nitamwombea, na nilimwombea. Nimerudi saa nane na nusu. Wateja wawili wamekaa kwenye benchi la nje wakingoja, wanadhani amelala. Kichwa kiko mezani, shavu juu ya karatasi, mkono wa kushoto umelalia vitufe, na lile dirisha kubwa linaandika herufi moja, m, m, m, ukurasa kwa ukurasa, linapanda lenyewe. Kurani inasoma kule chini. Kwenye mstari wa juu niliona: alasiri imebaki saa moja na dakika chache. Chaji imejaa. Pembeni kulia, hakuna kitu.

Hospitali mnazijua habari zake. Daktari alisema sukari ilishuka muda mrefu, akauliza marehemu alikula saa ngapi. Nikasema sijui, mimi nilikuwa darsani. Hilo lilikuwa la kweli. Jioni nilirudi kufunga duka, na nyuma ya pazia nikaikuta hotipoti. Imejaa, dada. Mihogo ya nazi na mayai mawili yaliyomenywa, haijaguswa hata kwa kijiko. Nikawamwagia kuku wa jirani, nikaiosha, nikaipeleka kwangu nikaifungia kabatini chini ya mashuka. Mikono ilifanya yenyewe. Akili ilikuja baadaye na kuyakubali.

Basi ndiyo maana hakuna aliyeona chakula siku ile. Ndiyo maana wewe kwenye arobaini ulisimama ukasema Mwarabu yule amemuua mdogo wetu kwa njaa, anashinda anajifukiza udi na mume hana kitu tumboni. Wanawake wakakuitikia. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikauinamia mchele. Fakhria alikuwa chumba cha pili, na pazia tu limetutenga.

Kabla ya hapo, siku ya saba ya msiba, Fakhria aliniita. Hakulia. Aliniuliza kwa upole kama niliiona ile hotipoti ya kifuniko cha bluu, maana aliipakia mwenyewe kabla ya alfajiri. Nikamwambia hapana wifi, sijaiona. Akanitazama kidogo, akasema basi, labda imechukuliwa. Hajauliza tena mpaka leo. Nadhani anajua, na ananingojea. Kila Ijumaa anamtuma Rahaf aniletee mikate ya kumimina, na mtoto anaingia dukani anaegemea mapaja yangu anauliza kwenye kioo baba yake alikuwa anaona nini.

Dada Tausi, Fakhria hana kosa. Usimchukue Rahaf. Usimtoe mwanamke yule kwenye nyumba ya mumewe kwa dhambi iliyo kabatini kwangu. Ijumaa nitasimama mwenyewe mbele ya mjomba Shekhe na wote watakaokuwepo, na hotipoti nitaishika mkononi. Lakini kwanza, kesho baada ya alfajiri, nitakwenda kwa Fakhria peke yangu nimwambie. Nimekuandikia wewe leo ili nisiweze kurudi nyuma, maana mwenye barua mkononi hawezi kuambiwa hakusikia. Ukitaka kunitenga nitenge, sitakulaumu. Msamaha wako nautaka, lakini wa Fakhria ndio unaoninyima usingizi.

Nilimuuliza shekhe wa msikiti kwa kuzunguka, nikasema kuna mtu nimjuaye. Akaniambia aliyeua kwa kukosea afunge miezi miwili mfululizo bila kukatiza, kisha atubu. Hakuniuliza mtu huyo ni nani. Umri wangu sasa hauna siku za kukatiza, kwa hiyo nilianza mwezi tatu Muharram, na leo ni siku ya kumi na nane. Mama Mwatumu anadhani ni sunna, ananisifu kaunta nzima.

Ile alama ya reli nimeiondoa. Mstari umerudi kama Badru alivyouacha. Kila siku saa nne asubuhi, na mimi nimekaa kwenye kiti chake na koo limekauka, neno linawaka jekundu juu ya kioo, linaniambia KULA. Vitufe vya kulizima navijua. Sivigusi. Linapepesa mbele ya wateja mpaka saa saba, linaendelea mpaka saa kumi, na anayeuliza ni la nini namwambia ni la mdogo wangu, alikuwa anaumwa.

Nisalimie shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mwambie yule mdogo kuwa mama yake mdogo wa Tanga hajasahau kofia aliyomwahidi, bado namdarizia. Ukifika salama stendi, inshallah, usinipigie nije kukupokea. Nenda moja kwa moja kwa Fakhria. Ukimkuta amekufungulia mlango ujue ameshasikia kutoka kwangu.

Wabillahi taufiki. Niombee, dada, hata kama ni kwa hasira.

Ni mimi mdogo wako,
Hasina